Buruma ya Yaya Prudence

Lile kanisa la Waswahili lililokodi ukumbi juu ya duka la mazulia, kule Downsview, Toronto, lina waimbaji wengi wazuri, lakini anayesubiriwa ni Inès. Husimama safu ya mbele, upande wa kushoto, binti mwembamba mwenye mikono iliyofumbatwa tumboni kana kwamba anazuia kitu kisimwagike. Akifungua kinywa, hata watoto waliozaliwa hukuhuku, wale wanaoelewa Kiswahili cha mama zao na kukijibu kwa Kiingereza, huweka simu chini na kutazama mbele.

Nje ya kanisa hakuna anayemsubiri. Siku za kazi yuko kiwandani, kwenye mkanda wa mikate ya duara, anaipanga kwenye trei mpaka unga unamganda kwenye kope. Akitoka hupanda basi la Keele hadi kwenye chumba alichopanga chini ya nyumba ya mzee Kazim, Mkhoja aliyezaliwa Tanga, ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko cha mchungaji na ulimi wake ni mkali kuliko wa mama mkwe. Dirisha la chumba kile liko usawa wa majani ya uani. Wakati wa theluji halionyeshi kitu; wakati wa joto linaonyesha miguu ya watu tu.

Mwaka huu Inès alitunga wimbo. Aliutunga palepale kwenye mkanda wa mikate, mstari baada ya mstari, akiufunika kwa kelele za mashine. "Bwana, shamba ulilonipa liko mbali," ndivyo kilivyoanza kiitikio, na kwenye neno "mbali" sauti ilipaswa kupanda, ikae kule juu bila kutikisika, kisha ishuke taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Willy, mwalimu wa kwaya, alipousikia mara ya kwanza aliondoa vidole kwenye kinanda akasema, "Huu ndio wimbo wa Jumapili ya Mavuno." Jumapili hiyo huwa ya mwezi wa kumi, na ibada yake hurushwa moja kwa moja mtandaoni.

Habari ilifika Bujumbura siku hiyohiyo. Mama yake Inès, mtu wa Uvira aliyevuka mpaka akaenda kuishi kwa dada yake, alikuwa hajamsikia binti yake akiimba mbele za watu tangu walipoachana miaka minne iliyopita.

"Nimewaambia majirani wote," alisema kwenye simu. "Mama Destin ataleta spika ya mwanawe. Usiniaibishe, Inès. Nataka nikusikie masikio yangu yakiwa bado na nguvu."

"Utanisikia, mama."

Wengine mjini hapa wana nyumba, wana magari, wana kesi zao mahakamani. Inès alikuwa na wimbo mmoja na Jumapili moja.

Sasa tumtaje Prudence. Alikuwa mke wa Willy mwalimu wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya pili, mama wa watoto watatu, mkazi wa Agincourt, mwanamke ambaye kicheko chake huingia mlangoni kabla yake. Inès alimwita yaya, kama watu wa Uvira wanavyomwita dada mkubwa, na hakumpa jina hilo bure. Alipofika Toronto katikati ya baridi akiwa na koti la mvua, Prudence ndiye aliyevua koti lake palepale kanisani akamvika, kisha akaenda garini akitetemeka. Ndiye aliyemfundisha kuvaa soksi mbili mbili, na duka la kununua mihogo iliyogandishwa ambayo ikichemshwa inaiva. Ndiye aliyemsuka nywele. Ukisukwa na mtu mmoja miaka yote hiyo, kichwa chako kikiwa katikati ya magoti yake, unaacha kuyapima maneno yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baada ya mazoezi ya kwaya, Prudence alimrudisha Inès nyumbani kwa gari kama kawaida, ila safari hii alishuka naye. Alifungua buti, akatoa sanduku refu, akalibeba kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Kule chini chumbani alilifungua, akasimamisha juu ya meza chupa ya buluu yenye shingo ya chuma.

"Yaya, ni nini hii? Ya kuwekea maua?"

"Ya maua! Wee Inès, utanivunja mbavu. Ni shisha, masheri, mpenzi wangu."

"Shisha ya kuvuta?"

"Hapana, ya kusongea ugali." Prudence alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza. Nilionjeshwa Pickering, kwenye gereji ya rafiki yangu, siku yangu ya kuzaliwa. Mdogo wangu, tangu nizae sijawahi kupumzika kama siku ile. Willy ameapa kitu hiki hakitaingia kwake. Eti mke wa mwalimu wa kwaya hawezi kutoa moshi kama garimoshi. Na wale watoto wangu unawajua, wanafungua kila kitu. Kwako hakuna mume, hakuna mtoto. Nitunzie. Nitakuwa nakuja Jumamosi tu, tunakaa kidogo, mimi na wewe."

"Na kanisani wakijua?"

"Nani atawaambia? Wewe? Mimi?"

Inès alichukua pakiti ya tumbaku akainusa. Ilinukia embe lililoiva, na harufu hiyo ilimrudisha kwenye ua wa bibi yake kwa ghafla mno hata akafumba macho. "Lakini hii si tumbaku?"

"Ni maembe. Moshi wote unaoshwa na maji, kinachobaki ni mvuke. Tena mvuke unalainisha koo. Wewe mwimbaji ndiye unayeuhitaji kuliko mimi."

Kwenye pakiti kulikuwa na onyo kubwa lenye picha ya kutisha. Inès aliliona. Akaitazama pakiti, akamtazama yaya wake, akamwamini yaya.

Mzee Kazim aliwaona wakiwasha jiko dogo la umeme la koili ili waweke mkaa, akagonga dirisha kwa fimbo yake. "Nyie! Mkaa hauwashwi ndani ya nyumba yangu. Moshi wa mkaa kwenye chumba cha chini unaua mtu usingizini, wala hapati nafasi ya kuaga. Tokeni uani." Walipotoka na chombo, alikiinamia akakitazama. "Ahaa. Buruma. Babu yangu Tanga alikuwa nayo. Alikohoa mpaka jirani akahama."

"Yetu ni ya maembe, mzee," Prudence alisema.

"Na mapafu yako ni ya chuma?" alijibu Kazim, akarudi zake ndani.

Hivyo somo la kwanza lilifanyika uani, kwenye viti vya plastiki, nyuma ya kibanda cha majembe. Prudence alionyesha, Inès akarudia. Maji yajazwe mpaka yafunike ncha ya bomba la ndani. Inès alijaza hadi shingoni. Tumbaku inyunyizwe kikombeni iwe legelege ili hewa ipite. Inès aliishindilia kama anafunga sanduku la safari. Juu ikazibwa kwa karatasi ya foili iliyotobolewa kwa kijiti cha meno, na mkaa wa vifuu, ulipokuwa mwekundu wote na kuvaa jivu, ukawekwa juu yake kwa koleo dogo. Inès alichukua mrija, akavuta kama anayevuta soda, na maji machungu yakamjia mdomoni.

"Umekunywa shisha!" Prudence alipiga kelele akijigonga mapaja. "Wapendwa, njooni muone mtu aliyekunywa shisha!"

Walimwaga, wakapanga upya. Safari hii moshi ulikuja, mzito, mtamu, na Inès akauachia puani kama alivyoelekezwa. Alivuta tena. Alivuta mara ya tatu. Ndipo ua ukaanza kuzunguka, uzio ukaja karibu, jasho la baridi likamtoka mgongoni, akapiga magoti kwenye majani na kutapika nyongo tupu, maana tumboni hamkuwa na kitu kingine. Jumamosi za mazoezi kwaya ile hufunga. Hakuna anayekula wala kunywa mpaka jua lizame. Huo ndio mfungo wao, na hakuna mtu anayeanza shisha akiwa amefunga isipokuwa mtu wa kwaya ile.

"Mbona wewe hujasikia kizunguzungu, yaya?" aliuliza alipoweza kusema.

"Mimi nimezoea," alisema Prudence, akimpangusa uso kwa upindo wa kitenge chake. Inès alikuwa ameona vipande vya sambusa kwenye kiti cha gari. Alidhani ni vya watoto.

Wakati wote wa joto mambo yalikwenda hivyo. Inès alijifunza kula mkate kwanza, kuvuta polepole, kuusogeza mkaa tumbaku ikianza kuungua. Ukimuuliza leo, atakwambia moshi wenyewe hakuupenda sana. Alichokipenda ni yale maongezi. Prudence, ambaye kanisani alikuwa kicheko kitupu, alikuwa akilia pale nyuma ya kibanda. Alimweleza jinsi Willy anavyomhesabia maneno, jinsi anavyochoka kuwa mfano wa wanawake wengine. "Haya sijamwambia mtu," alikuwa akisema, na Inès alijiona mkubwa, alijiona ana ndugu. Kila Jumamosi ikiisha, alikisuuza chombo, akakifuta na kukificha nyuma ya koti lile la kwanza ndani ya kabati.

Mwezi wa tisa sauti ilimkatikia. Walikuwa kwenye mazoezi, wakafika kwenye "mbali", Inès akapanda, na kule juu hakukuta kitu. Ilitoka pumzi yenye mikwaruzo. Willy aliacha kupiga.

"Una mafua?"

"Labda, shemeji."

Garini alimgeukia Prudence. "Yaya, koo langu limeharibika. Ule mvuke—"

"Ni unga wa kiwandani huo. Kunywa tangawizi."

Kazim naye alimsikia akijaribu sauti asubuhi kupitia sakafu. "Binti," alimwambia wakikutana mlangoni, "zamani ukiimba nilikuwa nazima redio. Siku hizi naiongeza sauti."

Maneno hayo yalimuuma, na yakamwamsha. Jumamosi iliyofuata alimkabili Prudence kwa upole. "Yaya, mimi naacha. Wimbo ni wa mwezi ujao na mama anasubiri. Tafadhali, chukua chombo chako."

Prudence hakukasirika. Alimkumbatia. "Umesema vema, masheri. Leo Willy yuko nyumbani. Nitakichukua wiki ijayo."

Wiki ijayo hakukichukua, wala iliyofuata. Lakini koo la Inès lilianza kupona. Alikunywa maji ya moto, akakaa kimya mchana kutwa kiwandani, na siku moja, akioga, sauti ilipanda kwenye "mbali" ikakaa. Alitoka bafuni akicheka peke yake, povu likimchuruzika.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule, wakati wa shuhuda, Prudence alisimama. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, mimi mnayeniona hapa nilikuwa nimefungwa. Nilifungwa na moshi. Kuna kitu kinaitwa shisha."

Mguno ukapita ukumbini. Inès, pale kwenye safu ya kwaya, alihisi moyo wake ukichemka kwa upendo. Yaya ni jasiri, alijiambia. Akimaliza yeye, nami nitasimama, tuungame pamoja, iishe. Prudence akaendelea, sauti ikaanza kumkatika, akaziba mdomo kwa leso. Sasa, katika kanisa lile, shahidi akilemewa na machozi haachwi peke yake. Mwimbaji wa kwanza humwinua kwa pambio mpaka nguvu zimrudie. Kazi hiyo ni ya Inès. Basi hakusubiri kuambiwa. Alifumba macho akaanzisha, "Mnyororo umekatika," na kanisa zima likasimama, makofi, vigelegele, Willy akimfuata kwa kinanda. Inès aliimba kwa sauti yake yote iliyopona, akilia kwa furaha kwa ajili ya rafiki yake.

Prudence akafuta machozi. Pambio lilikuwa limempa nguvu.

"Bwana alimtumia mume wangu," alisema juu ya makofi. "Alifungua buti la gari akakuta mkaa. Akaniuliza, Prudence, nini hii? Nikamwambia kweli yote. Kuna mdogo wetu mmoja. Nilimwonea huruma, yuko peke yake nchi ya watu, nikawa naenda kumtembelea. Kumbe shetani ameshanitandikia mkeka kule chini! Akanikaribisha. Akaniambia, yaya, ni maembe tu haya, vuta, inalainisha koo."

Mikono ya Inès ilibaki hewani, viganja havijakutana.

"Simtaji jina," Prudence alisema, "kwa sababu nampenda."

Hapakuwa na haja ya jina. Katika kanisa lile mtu anayeishi chini ya nyumba alikuwa mmoja. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea safu ya mbele, upande wa kushoto, na kinanda kilikuwa bado kinapiga pambio ambalo Inès mwenyewe ndiye aliyelianzisha.

Alimpigia Prudence simu siku hiyo na siku iliyofuata. Haikupokelewa. Kabatini kile chombo kilikuwa bado kimesimama. Alifikiri kukitoa, ampe Kazim akifiche. Kisha akafikiri: nikikificha, nitakuwa nimekubali kuwa ni changu. Akakiacha.

Jumanne wamama wa maombi walikuja kumtembelea. Desturi yao ni kwamba hawaulizi mtu swali. Wanakuja na mkate na sukari, wanakunywa chai, wanasifu mapazia, kisha wanasimama na kuiombea nyumba, kona kwa kona, wakipaka mafuta milangoni na madirishani. Kiongozi wao ni Mama Cyriaque, mwanamke mzito, mwenye haki, aliyezika watu wengi wa Uvira kwa mikono yake. Nyuma yake walikuja wamama wawili, na nyuma yao Prudence, ameshika chupa ya mafuta. Hakumtazama Inès. Alitazama chupa.

Waliomba mlangoni. Waliomba kwenye jiko. Waliomba juu ya kitanda. Ndipo Prudence akasogea mpaka kwenye kabati, akaweka kiganja juu ya mlango wake, akafumba macho. "Mama, nasikia uzito hapa."

Mama Cyriaque alifungua, akasogeza koti, akakitoa chombo kwa shingo kama mtu anayetoa kuku bandani. "Ni nini hii? Taa?"

Alikigeuzageuza, kisha akamtazama mwenye chumba.

"Mwanangu Inès, ni ya nani?"

"Ni ya yaya Prudence, mama. Aliileta mwezi wa sita akaniomba nimtunzie."

Mmoja wa wale wamama alivuta pumzi. Mama Cyriaque alikaa kitandani, na kitanda kikalia. "Mwanangu. Prudence ameshatubu mbele za watu wote. Aliyetubu hasutwi. Mimi nakuuliza habari zako wewe."

"Mimi nilivuta. Hilo ni kweli, naungama. Nilivuta miezi mitatu, nikaacha mwenyewe. Lakini chombo si changu, na si mimi niliyemkaribisha. Maneno yale ya maembe na koo ni yake. Aliniambia yeye."

"Nusu ya toba si toba."

"Mama, ni yote! Nimekwambia yote!"

"Umeniambia yako kidogo na ya mwenzako mengi."

Ndipo Prudence akasema, kwa sauti laini ileile aliyokuwa akiitumia akimsuka, "Usione haya, mdogo wangu. Mimi nimekusamehe."

Inès alimtazama. Alitafuta usoni mwake dalili hata moja, jicho la siri, kope ya kuomba radhi, hata hofu. Hakukuta. Prudence alikuwa amekwisha kuisadiki hadithi yake. Alikuwa amesimama ndani yake kama mtu ndani ya nyumba yenye joto, na mlango ameufunga.

Ghafla sauti ya Kazim ikashuka ngazi. "Akina mama, samahani. Mwenye mali si huyo hapo aliyeshika chupa? Mimi nilimwona kwa macho yangu akilishusha sanduku lake garini."

Mama Cyriaque aliinua uso kuelekea ngazini, kwa heshima zote. "Ahsante, mzee wetu. Lakini haya ni mambo ya kanisa."

Walikiweka chombo kwenye mfuko mweusi wa taka wakaondoka nacho. Hukumu ilikuja kwa simu, kupitia kwa Willy: miezi mitatu bila huduma, benchi la nyuma, asiimbe wala asishike maiki.

"Na wimbo, shemeji?"

Willy alikohoa kidogo. "Wimbo umeshatangazwa. Ni wa kanisa sasa. Prudence anaujua."

"Shemeji, wewe unamjua mkeo."

Mbali, upande wa Willy, mtoto alikuwa akiomba maji kwa Kiingereza. "Nina watoto watatu, Inès," alisema hatimaye, akakata.

Inès hakumwambia mama yake. Kila alipojaribu, mama alianza na habari za spika.

Jumapili ya Mavuno ukumbi ulinukia maboga na majani. Watu walileta magunia ya mchele, mihogo, ndizi, makabeji, vyote vikapangwa mbele tayari kwa mnada. Inès alikaa benchi la nyuma, karibu na pale makoti yanapotundikwa. Alikuja kwa sababu aliyesimamishwa akikosa kuja huhesabiwa kuwa amepotea, na yeye hakuwa amepotea. Kamera ilikuwa mbele, kwenye mguu wake wa chuma, taa nyekundu ikiwaka. Kule Bujumbura ilikuwa jioni.

Prudence alitoka mbele katika kitenge cha dhahabu, akashika maiki. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Ana sauti nzuri ya chini, hakuna anayekataa. Kiitikio kikaja. "Bwana, shamba ulilonipa liko..." Alipanda. Kule juu sauti ilikwaruza, ikafunga, na kikohozi kikamshika, kikavu, kirefu, cha mtu ambaye hajaacha kitu.

Willy alishikilia noti kwenye kinanda. Akangoja. Na kwa kuwa kanisa lile halimwachi mtu aanguke katikati ya wimbo, watu wote, bila kuambizana, waligeuza vichwa kutazama benchi la nyuma. Hata Mama Cyriaque aligeuka. Prudence naye, leso mdomoni, macho yamejaa maji, alimtazama Inès moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ushuhuda.

Sauti ilikuwepo. Inès aliisikia ikiwa tayari kifuani, imepona, imetulia, inajua mahali pake. Angefungua kinywa tu, mama yake angemsikia kwenye spika ya Mama Destin, majirani wangepiga vigelegele, na neno lile lingekaa juu bila kutikisika. Na Prudence angeshuka nalo salama. Lakini alikwisha kumwinua Prudence mara moja. Alikumbuka makofi yale, na jinsi alivyolia kwa furaha. Alifumbata mikono tumboni, akafunga mdomo.

Noti ya kinanda ilingoja mpaka ikawa aibu. Kisha Willy akaiachia, akaruka mstari, kwaya ikaingia, wimbo ukaisha bila "mbali".

Baada ya ibada, Prudence alimfuata kwenye makoti. "Hukuweza kunisaidia pale, mdogo wangu? Mbele za watu wote vile?"

"Nimesimamishwa, yaya."

"Lakini siku ile ya pambio ulinisaidia."

"Ndiyo," Inès alisema. "Siku ile nilikusaidia."

Prudence alisogea kumrekebishia ukosi wa koti, kwa mazoea, kama alivyofanya miaka yote. Kilemba chake kilinukia maembe. Inès alivua lile koti, koti la kwanza, akalitundika tena ukutani, akatoka nje kwenye baridi ya mwezi wa kumi na sweta tupu.

Simu iliita alipofika chumbani.

"Inès?"

"Mama."

"Ua ulijaa watu. Alipoanza yule mwanamke nikawaambia, tulieni, huyo si mwanangu, mwanangu anakuja. Tukangoja. Tukangoja mpaka mnada." Mama akashusha sauti. "Wimbo si ule ulioniimbia kwenye simu?"

"Ndio uleule."

"Na pale kwenye 'mbali', mbona pameachwa patupu?"

"Pale ndipo palikuwa pangu, mama."

"Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Inès alikaa kitandani. Juu, Kazim alikuwa ameizima redio. Kabati lilikuwa wazi, na ndani yake, mahali pa koti na pa chombo, palibaki henga moja.

"Nitakueleza yote," alisema. "Lakini kwanza, mama, zima hiyo spika."